Chupa ya Maji Moto katika Hema la Msuku

Simu iliita wakati Monika anapepeta ulezi uani kwake, Sumbawanga mjini. Kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kwenye ungo, binti yake Happy ndiye aliyeipokea na kumbandikia sikioni.

“Mama mdogo, shikamoo.” Alikuwa Mathias, mtoto wa dada yake Albina, akipiga kutoka Mpui.

“Marahaba, baba. Mmeamkaje huko?”

“Mama mdogo, umekaa?”

Monika akauteremsha ungo taratibu, ulezi usimwagike. Hakukaa.

“Ni mama yako?”

“Ndiyo. Wamemkuta asubuhi hii kule kazini kwake, kambi ya wageni, ndani ya lile hema lake. Alikuwa sakafuni.”

“Sakafuni vipi?”

Upepo ulisikika ukipiga kwenye simu ya Mathias. “Kifudifudi, shavu kwenye mbao. Mkono mmoja ameupitisha chini ya kitanda, kama mtu anayetafuta kiatu. Daktari anasema ni moyo.”

Monika akafanya ishara ya msalaba. Happy aliangua kilio, majirani wakaanza kuchungulia juu ya ukuta, lakini yeye mwenyewe machozi hayakumjia upesi. Alikuwa anauwaza ule mkono. Dada yake hakuwa anatafuta kiatu. Na katika ukoo mzima, aliyebaki akijua Albina alikuwa anamgusa nani chini ya zile mbao alikuwa yeye peke yake.

“Mazishi lini?”

“Kesho, baada ya misa ya mchana.”

“Msifunge jeneza mpaka nifike. Umenisikia, Mathias? Hata akisema nani.”

Pasaka ya mwaka huo Albina alikuwa amekuja mjini kumsalimia. Walikaa jikoni wakichambua maharage, na katikati ya maneno ya mvua na bei ya mbolea, Albina akasema kama anayeagiza chumvi: “Monika, nikifa usiniache niende peke yangu. Umchukue na yule.” Monika akamjibu, “Nitamchukua, dada.” Basi. Wakaendelea na maharage. Sasa ahadi ilikuwa imeiva, na alikuwa na siku moja tu ya kuitimiza.

Huyo “yule” alikuwa mtoto wa kwanza wa Albina.

Zamani hizo familia yao ilikuwa na nyumba kijijini na kibanda shambani, mbali kidogo ng’ambo ya Mpui, mahali uwanda wa Ufipa unapokatika ghafla na chini kabisa unaona bonde la Rukwa limelala kwenye ukungu. Msimu wa kulima wote walihamia kibandani. Huko ndiko uchungu ulikomkuta Albina kabla ya wakati wake, akiwa mke kijana, mume wake yuko Kirando kwenye mitumbwi ya dagaa. Mama yao alimzalisha mwenyewe. Monika, mtoto mdogo wa kutumwa, alitumwa maji. Aliporudi na ndoo kichwani, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa amepumua kidogo, kisha akaacha.

Siku zile mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo hakupigiwa kengele wala hakupelekwa makaburini. Mama yao alichimba kando ya ukuta wa kibanda, akamlaza, na juu yake akaweka jiwe lake la mkono la kusagia ulezi, fisi wasifukue. Halafu akafanya jambo ambalo mwanamke wa Kifipa pekee angelifikiria. Akakata majani, akayarundika, akayafunika kwa udongo na kutengeneza tuta la duara, sawasawa na yale matuta mengine yaliyojaa shamba zima. Akapanda maharage juu yake.

“Asikuone mtu unalia hapa,” alimwambia Albina. “Ukiwa na neno naye, njoo upalilie.”

Albina akapalilia. Miaka na miaka, alizaa watoto wengine, Mathias na ndugu zake, akamzika mume, akazika mama, na kila msimu tuta lile lilipandwa maharage. Mumewe alikwenda kaburini bila kuambiwa habari za tuta lile.

Kisha ile ardhi ya ukingoni ikapata mwekezaji. Kijiji kilikubali kwenye mkutano, na wazee wakatembezwa waonyeshe makaburi ili yazungushiwe uzio. Walionyesha kila msalaba na kila rundo la mawe bila kuficha hata moja. Tuta hawakulionyesha. Nani angeonyesha tuta la maharage? Wakati huo Albina alikuwa Kirando msimu mzima, amefuata dagaa wa kuuza. Aliporudi alikuta shamba limesawazishwa. Mteremkoni kumepandwa mizabibu iliyofungwa kwenye nyaya, na ukingoni kumesimama mahema makubwa ya turubai juu ya majukwaa ya mbao, kila moja na kitanda kipana, beseni la kuogea la miguu minne na baraza ya kutazamia bonde. Kila hema lilikuwa na jina la mti. Lililokaa pale kilipokuwa kibanda liliitwa Msuku, kwa mti wa matunda uliosimama hapo zamani.

Wiki ile ile alikwenda kuomba kazi. Meneja, kijana wa Mbeya aitwaye Isakwisa, alimtazama akacheka kwa adabu.

“Mama, kazi hii ni ya vijana.”

“Vijana wanajua kutandika kitanda?”

“Wanajifunza, mama.”

“Basi mimi nimeshajifunza. Nipe lile la Msuku.”

Akampa. Na hakujuta, kwa maana wageni walimpenda yule mama mwenye sare iliyopigwa pasi na rozari shingoni. Ila alikuwa na mambo yake. Hakuingia hema la Msuku bila kupiga hodi, hata kama wageni wako mbali kwenye mizabibu wakionjeshwa divai. Angesimama mbele ya zipu, aseme hodi, angoje, kisha aitikie kwa kichwa kama mtu aliyekaribishwa, ndipo aingie.

“Mama Mathias, unampigia nani hodi?” Lydia, msichana waliyefanya naye kazi, alimtania. “Jini lako limeamka?”

“Napiga kwa mwenye nyumba. Wewe endelea na foronya zako.”

Jambo la pili lilikuwa zile chupa za mpira. Juni na Julai baridi ya Ufipa haina masihara, na kila jioni wahudumu huzijaza maji moto na kuziweka vitandani chini ya mablanketi. Hema la Msuku lilikuwa na kitanda kimoja kama mengine, lakini Albina alichukua chupa moja ya ziada. Aliisukuma chini ya kitanda, kwenye mbao tupu, upande wa kushoto karibu na ukuta. Asubuhi aliitoa, akaimwaga, akaitundika stoo.

Wageni hawakuijua hiyo chupa. Hata hivyo mama mmoja kutoka Dar es Salaam aliuliza wakati wa chai kama kambi inafuga paka. Alisema usiku kucha kuna kitu kilikuwa kikipumua chini ya kitanda, pumzi fupifupi, na ajabu ni kwamba hajawahi kulala vizuri namna ile. Mgeni mwingine, mwanamume mkubwa wa mwili, aliomba kuhamishwa siku ya kwanza tu. Hakutoa sababu. Alibeba sanduku lake mwenyewe.

Monika alifika Mpui adhuhuri. Mwili wa dada yake ulikuwa umekwisha kuletwa nyumbani, na akina mama walikuwa wamejaa kwenye mikeka wakisali rozari. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamtazama. Uso ulikuwa umetulia, lakini ule mkono wa kulia haukukubali kukunjwa. Akina mama walikuwa wameukunja kifuani, ukarudi. Wakaufunga kwa kitambaa, kitambaa kikalegea. Ulibaki umenyooka kando, kiganja chini.

Monika akasimama. “Mathias, twende kambini.”

“Sasa hivi? Watu wanafika, mama mdogo.”

“Watanikuta.”

Njiani ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni, ule mzito wa mchana unaofanya mtu amsikie mwenzake kabla ya kumwona. Walipita mashamba ya watu. Matuta ya duara yalijitokeza moja moja kwenye weupe ule, yakapotea nyuma yao. Wageni wa kambi waliwahi kuuliza kama ni makaburi, na vijana wa pale wakacheka sana. Monika alimweleza Mathias yote, bila kupamba.

Mathias alipunguza mwendo. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wanaosoma, na maisha yake yote alikuwa mkubwa wa nyumba.

“Mimi ndiye kifungua mimba,” akasema.

“Wewe ni wa pili, baba.”

“Na mama hakusema?”

“Aliambiwa asiseme. Ukiambiwa jambo ukiwa na uchungu namna ile, linakaa.”

Mathias akafuta uso kwa mkono wa koti. “Twende haraka basi,” akasema. “Kaka yangu amengoja sana.”

Isakwisa aliwapokea barazani na kuwapa pole nyingi. Alipoelezwa walichokuja kutaka, alikaa kwenye kiti akashika kichwa.

“Mama yangu, mimi ni Mkristo, nakuelewa. Lakini fikiria. Lile jukwaa ni pana kama nyumba. Chini yake mashine ilisawazisha udongo. Mtachimba wapi? Nivunje sakafu nzima, niupindue udongo wote, na pengine tusipate kitu? Mwenye shamba nitamwambia nini?”

Monika hakukumbuka mahali penyewe hasa. Alikuwa mtoto wakati ule. Kibanda hakikuwepo, njia haikuwepo, hata mti wa msuku wenyewe alikuta wameukata ukabaki jina. Aliona jua linavyopungua nyuma ya ukungu, akafikiria jeneza la dada yake litakavyofungwa kesho. Akaanza kusali moyoni, Salamu Maria nusu, akashindwa kuimaliza.

Lydia alikuwa amesimama mlangoni na trei ya glasi mkononi.

“Mama,” akasema, “mimi najua pa kuchimba. Lakini bosi ameshaniambia ni mchezo.”

“Lydia, tumeyamaliza hayo,” Isakwisa akasema.

“Hatujayamaliza!” Akageuka kwa Monika. “Jana hema halikuwa na mgeni. Tulipomkuta mama Mathias asubuhi, mkono wake ulikuwa juu ya ile chupa yake ya chini ya kitanda. Maji yalikuwa baridi kabisa. Niliimwaga mimi, kwa mikono yangu, nikaitundika stoo. Bosi akafunga hema. Mchana nikapewa ufunguo nikatoe mashuka. Nikaikuta imerudi palepale. Ina moto.”

“Mmoja wenu anafanya mchezo,” Isakwisa akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. “Niliwauliza wote, wanakana.”

“Na ufunguo alikuwa nao nani, bosi?”

Isakwisa akaingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akautazama.

Walikwenda wote wanne. Nyaya za mizabibu zilikuwa zinavuma kwa upepo, mlio mwembamba kama wa mtu anayebembeleza bila maneno. Walipofika mbele ya hema, Isakwisa alifungua kufuli ndogo akashika zipu, na Monika akamzuia kwa mkono.

“Hodi,” akaita.

Wakangoja. Nyaya ziliacha kuvuma. Halafu Monika akaitikia kwa kichwa, bila kujua kwa nini, na Isakwisa akafungua.

Ndani mlinukia sabuni na nta ya sakafu. Kitanda kilikuwa hakina mashuka. Monika alipiga magoti, akalala kifudifudi kama dada yake alivyolala, akapitisha mkono. Chupa ilikuwepo, upande wa kushoto karibu na ukuta. Ilikuwa na joto, si la maji yaliyotoka jikoni. Lilikuwa joto la mtoto unayemtoa mgongoni.

“Njoo uguse,” akamwambia meneja.

Isakwisa akainama akagusa, akauondoa mkono haraka. Akavua kofia yake. Alitoka nje akapiga simu kwa mwenye shamba, akazungumza kwa muda mfupi, akapiga nyingine kwa mtendaji wa kijiji. Aliporudi alikuwa amekunja mikono ya shati.

“Tuhamishe kitanda,” akasema.

Mtendaji alikuja kwa pikipiki na katekista Yohanes nyuma yake, amepakata chupa ya maji ya baraka. Yohanes alisikiliza habari yote, mzee wa watu, akitikisa kichwa. Monika alimwambia kile alichokiogopa kuliko vyote.

“Hakubatizwa, katekista. Mama alisema hakubatizwa.”

“Mtendaji alinidokeza, nikampigia padri njiani,” Yohanes akajibu. “Amesema tumlete. Kanisa lina sala za watoto kama hao. Zamani hapa kwetu hatukuzijua, au hatukutaka kuzijua. Haya, chimbeni, kabla giza halijatukuta.”

Mathias aling’oa mbao nne. Akaingia kwenye uwazi na jembe la mkono, akachimba polepole pale chupa ilipokuwa imelala, akitoa udongo kwa viganja. Mashine ilikuwa imekwangua juu tu. Haukupita muda jembe likagonga jiwe. Akalisafisha pembeni kwa vidole. Lilikuwa jiwe laini, refu kidogo, limelika katikati kwa viganja vya mwanamke aliyesaga ulezi nalo miaka mingi. Monika alilitambua kabla halijatoka lote. Aliwahi kupigwa kwa kuliangusha.

“Lilete.”

Mathias alilipindua akampa. Upande wa juu, ulioelekea kwenye mbao na ile chupa, ulikuwa wa baridi kama maji ya kisima. Upande wa chini, ulioelekea udongoni, ndio uliokuwa na joto. Monika alilishika hivyo kwa muda, kisha akampa Yohanes. Yohanes alipitisha kiganja juu, akapitisha chini, akamtazama Monika, akaanza sala bila kusema lingine.

Chini ya jiwe hapakuwa na mifupa. Kilikuwepo kipande cha udongo mweusi, laini, tofauti na ule mwekundu unaokizunguka, kisichozidi urefu wa mkono hadi kwenye kiwiko. Mtendaji akaleta mfuko wa nailoni. Lydia akamzuia. Akakimbia stoo akarudi na foronya nyeupe, mojawapo ya zile ambazo Albina alikuwa amezipiga pasi juzi yake, mikunjo bado imesimama. Mathias akauweka udongo ule ndani yake, kiganja kwa kiganja, mpaka akafikia mwekundu. Akaipakata.

“Nani atambeba?” Isakwisa aliuliza, maana ilikuwa ni mwendo mpaka nyumbani, na alikuwa ametoa gari la kambi.

“Nambeba mimi,” Mathias akasema. “Hata garini.”

Walirudisha udongo na mbao. Lydia alibaki amesimama na ile chupa ya mpira mkononi. Aliimwaga kwenye mizabibu. Maji yalitoa mvuke kidogo, ukachukuliwa na ukungu.

Nyumbani, akina mama walimpokea Monika bila maswali, kwa kuwa jinsi foronya ilivyobebwa ilitosha kuwaambia. Aliiweka ubavuni mwa dada yake, upande wa kulia. Akaushika ule mkono uliokuwa umekataa. Ulikunjika wenyewe, kama wa mtu anayegeuka usingizini, ukakaa juu ya foronya. Hapo ndipo Monika alipolia.

Misa iliadhimishwa siku iliyofuata, kanisa limejaa mpaka nje. Padri alisali sala za marehemu, kisha akasali zile za mtoto mchanga, akauliza jina. Monika alikuwa hajaliwaza. Akasema, “Eustaki,” jina la baba yake na Albina, ambalo mjukuu wa kwanza wa kiume angepewa. Padri akalitaja kwa sauti. Kengele ikapigwa.

Jeneza lilibebwa na Mathias, wadogo zake na vijana wa jumuiya. Isakwisa alikuja na wafanyakazi wote wa kambi, wakiwa wamevaa sare zao. Kaburi lilichimbwa makaburini parokiani, jirani na la mume wake. Yohanes aliongoza wimbo, jeneza likateremshwa, kila mmoja akatupa udongo kiganja kimoja. Vijana wakafukia. Watoto wakaweka maua, kisha wajukuu, kisha kambi nayo ikaweka. Msalaba uliandikwa Albina, na chini yake Eustaki. Jiwe la kusagia liliwekwa kichwani pa kaburi.

Padri alitoa baraka ya mwisho. Watu walirudi nyumbani wakala ugali wa ulezi na maharage, wakaanza kuagana. Monika alibaki nyuma kidogo makaburini. Aliligusa jiwe juu, akaingiza vidole akaligusa chini. Lilikuwa baridi pande zote mbili. Akafanya ishara ya msalaba, akajifunga kanga vizuri, akawafuata wenzake.